Gemu za zamani kwenye kompyuta dhaifu: punguza mizunguko, kasi itakuja

"Mjomba, muziki unakohoa."

Ndivyo mpwa wangu alivyoniita siku moja akicheza Doom, gemu ya zamani ya kupiga risasi, kwenye kikompyuta changu kidogo, na sijapata kusikia maelezo mazuri zaidi ya tatizo hili. Gitaa lilitoka vipandevipande, milango ilifunguka kwa uvivu, na adui akipigwa risasi alikawia kuanguka. Nilipofungua faili la mipangilio nikakuta mstari mmoja ulioguswa: `cycles=60000`. Kijana aliona gemu inakwenda polepole, akaongeza namba. Karibu kila mtu hufanya hivyo, na mimi nilifanya hivyo kwa muda mrefu kabla ya kuelewa kwa nini kunaharibu.

Kompyuta yenyewe ni ya enzi ya 2008: prosesa ya Atom N270 yenye mwendo wa gigahezi 1.6, RAM ya gigabaiti 1, skrini ya pikseli 1024 kwa 600, na sehemu ya picha aina ya GMA 950 ambayo haina nguvu ya kutajika. Natumia Linux, na emuleta yangu, yaani programu inayoiga kompyuta za zamani za DOS, ni DOSBox 0.74-3. Majina ya mipangilio nitakayoyataja ni ya toleo hilo. Kama mashine yako ni dhaifu kwa namna nyingine, namba zako zitakuwa tofauti na zangu, ila njia ya kuzipata ni ileile.

Mzunguko ni nini hasa

Katika DOSBox, `cycles` ni idadi ya maagizo ambayo emuleta itajitahidi kuyatekeleza katika kila milisekunde moja. Ukiandika 3000, unaomba maagizo milioni 3 kwa sekunde. Ukiandika 60000, unaomba milioni 60.

Sasa piga hesabu upande wa pili. Prosesa yangu ina mapigo bilioni 1.6 kwa sekunde. Nikiomba maagizo milioni 60, kila agizo la gemu linapata mapigo 26 hivi ya prosesa halisi. Ndani ya hayo 26, emuleta inatakiwa ilisome agizo, ilitafsiri, ilitekeleze na kuweka kumbukumbu ya matokeo, halafu bado ichanganye sauti, ichore picha na kuiga saa ya kompyuta ya zamani. Hayatoshi.

Mapigo yasipotosha, DOSBox haifungi wala haikwambii kitu. Inachelewa tu. Saa ya ndani ya emuleta inaanza kubaki nyuma ya saa ya ukutani, na kwa kuwa gemu inaishi kwa kufuata saa ile ya ndani, kila kitu kinatembea kama kimezama majini. Kadi ya sauti ya kweli nayo haisubiri: inataka sampuli zake kwa wakati, isipozipata inatoa ukimya, kisha kipande, kisha ukimya. Hicho ndicho kikohozi.

Kwa hiyo namba kubwa kuliko uwezo inapunguza kasi. Jikune ujipatapo. Tafuta kiwango cha juu kabisa ambacho mashine yako inakimudu bila kuchelewa, kaa hatua moja chini yake, halafu fanya kazi ya kukipandisha kiwango hicho kwa kuondoa mizigo mingine. Yote yanayofuata yanatokana na hilo.

Pima, na usiiamini namba ya gemu peke yake

Macho hudanganya. Ukibadilisha mpangilio na kuingia ndani ya gemu, utaona imechangamka kwa sababu ulitaka ichangamke. Doom ina kipimo chake: ingia kwenye folda yake ukiwa ndani ya DOSBox, andika

`doom -timedemo demo3`

na itacheza rekodi iliyomo ndani yake kwa kasi yote inayoweza, kisha itoke na kuandika mstari unaosema imepima gametics 2134 (hatua za rekodi) katika realtics kadhaa (mapigo ya saa yaliyotumika). Saa ya Doom hupiga mara 35 kwa sekunde, kwa hiyo zidisha 2134 kwa 35, gawanya kwa realtics ulizopewa, na jibu ni fremu kwa sekunde.

Hapa kuna mtego ulionipotezea jioni nyingi. Niliweka mizunguko 60000 nikapata realtics 1,130. Hesabu inaleta fremu 66 kwa sekunde, nami nikafurahi. Nilipoanza kucheza, kikohozi kilikuwa palepale. Sababu ni kwamba realtics zinahesabiwa kwa saa ya ndani ya emuleta, ile ile iliyobaki nyuma. Mara iliyofuata nilishika simu na kupima kwa saa yake: rekodi ambayo gemu inadai imeisha kwa sekunde 32 ilichukua sekunde 77. Kila sekunde ya Doom ilikuwa inakula zaidi ya sekunde mbili zangu.

Kwa hiyo pima kwa saa mbili. Chukua realtics, gawanya kwa 35, upate sekunde za gemu. Linganisha na sekunde za simu. Zikilingana au zikipishana kwa sekunde moja hivi, mashine inamudu. Zikiachana, umeitwisha mzigo isiouweza, na namba nzuri uliyoiona si ya kweli.

Kutafuta kikomo

Kabla ya lolote, badilisha `cycles=auto` kuwa namba maalumu. Mpangilio wa kawaida wa auto huipa gemu nyepesi mizunguko 3000, na gemu zinazotumia hali ya ulinzi ya prosesa (protected mode), kama Doom, hupewa yote inayowezekana. Kwenye mashine yenye nguvu hilo ni sawa. Kwenye mashine dhaifu, "yote inayowezekana" maana yake ni kuikamua prosesa mpaka sauti inakosa nafasi.

Anza na `cycles=fixed 10000`. Ingia kwenye gemu, nenda mahali pazito: chumba kikubwa, maadui wengi, muziki unapiga. Bonyeza Ctrl na F12 mara moja. Mizunguko inaongezeka kwa asilimia 10, na namba mpya utaiona juu ya dirisha ukiwa hujajaza skrini nzima. Sikiliza. Bonyeza tena. Sikiliza. Tumia sikio, kwa sababu sauti huharibika kabla jicho halijaona chochote. Kikohozi cha kwanza kikitoka, bonyeza Ctrl na F11, ambayo hushusha kwa asilimia 20. Hapo ndipo pa kuanzia. Andika namba hiyo kwenye karatasi.

Wakati wa zoezi hili wengi huangalia mita ya matumizi ya prosesa, wakaiona imesimama kwenye asilimia 50 na kusema bado nguvu nusu nzima haijatumika. N270 ina kiini (core) kimoja kinachojionyesha kwa mfumo kama viwili. DOSBox inafanya kazi yake ya kuiga prosesa kwenye uzi (thread) mmoja tu, hivyo ikikijaza kimoja kabisa, mita ya jumla inasema 50. Mashine ya viini vinne itasema 25. Nguvu iliyobaki ipo kweli, lakini emuleta haiwezi kuifikia. Ndiyo maana kompyuta ya viini vinne vya polepole hushindwa na ya viini viwili vya kasi katika kazi hii.

Kiini cha emuleta

Mstari wenye faida kubwa kuliko yote ni huu:

`core=dynamic`

Katika hali ya `normal`, DOSBox husoma agizo moja la gemu, inalifasiri, inalitekeleza, inakwenda kwenye linalofuata, na likirudi lile lile mara elfu inalifasiri mara elfu. Katika hali ya `dynamic`, inachukua kipande kizima cha maagizo, inakitafsiri mara moja kuwa lugha ya prosesa yako, inakihifadhi, na kikihitajika tena inakiendesha moja kwa moja. Kwangu, hali ya normal ilianza kukohoa nilipovuka 7000. Dynamic ilinifikisha 17000 kabla sijagusa kitu kingine.

Usiache `core=auto` ukidhani ni sawa. Auto hutumia normal kwa gemu za hali halisi (real mode, hali ya kale ya prosesa) na kuhamia dynamic inapoona hali ya ulinzi. Kwa Doom haina neno. Lakini zipo gemu nzito za hali halisi ambazo hunufaika na dynamic, na auto haitazipa.

Si kila gemu hunufaika sawa. Zinazotumia injini ya Build, Duke Nukem 3D ikiwa mojawapo, zina vipande vya kodi (maagizo ya programu) vinavyojiandika upya vikiwa vinaendeshwa. Mwaka 1996 huo ulikuwa ufundi wa hali ya juu wa kuokoa mapigo. Kwa emuleta inayotunza tafsiri, kodi ikibadilika tafsiri yake haifai tena, inabidi irudiwe. Kwa hiyo usishangae Duke akidai mashine kubwa kuliko unavyotarajia ukimlinganisha na Doom. Na ikitokea gemu inaanguka au inafanya mambo ya ajabu chini ya dynamic, rudi normal kwa gemu hiyo peke yake.

Picha

Kwanza ondoa urembo. `scaler=none` na `aspect=false`. Scaler ni kazi ya kukuza na kulainisha pikseli, na inafanywa na prosesa, ile ile inayohangaika na maagizo. Ukitumia `output=surface`, kurekebisha uwiano wa picha nako ni kazi ya prosesa.

Kisha jaribu kila aina ya output, yaani njia ya kupeleka picha kwenye skrini, moja baada ya nyingine, ukipima. Siwezi kukuambia ipi itashinda kwako, kwa kuwa inategemea dereva ya picha. Kwangu `overlay` ilishinda: prosesa inatoa picha ndogo ya 320 kwa 200, na kuitanua mpaka kujaza skrini kunafanywa na kifaa cha picha. Rangi zinalainika kidogo pembeni, sijali. `opengl` ilinirudisha nyuma, kwa sababu GMA 950 haina nguvu ya kuibeba. Kwenye Windows, jaribu pia `ddraw`. Weka na `fullresolution` kwa namba halisi za skrini yako ili kifaa kisihangaike kubadilisha hali ya skrini.

Sasa frameskip. Watu wanaiogopa kwa sababu jina lake linasema fremu zitarukwa. Lakini fikiria: hali ya VGA ambayo gemu nyingi za wakati ule zilitumia, ya 320 kwa 200, huchora skrini mara 70 kwa sekunde. Doom haitoi zaidi ya fremu 35 kwa sekunde ukiwa unacheza. Nusu ya michoro ile inarudia picha iliyokwisha kuonyeshwa. Ukiweka `frameskip=1`, emuleta inachora mara 35, nawe hupotezi karibu chochote. DOSBox ina ujanja wa kutambua mistari isiyobadilika, hivyo akiba si nusu kamili, ila kwenye mashine ya namna hii kila kidogo kinahesabika. Kuanzia 2 kwenda juu utaona mikwaruzo, na ningepunguza ubora wa sauti kabla ya kufika huko. Unaweza kuibadilisha gemu ikiwa inaendelea: Ctrl na F8 huongeza, Ctrl na F7 hupunguza.

Sauti, ambako nguvu nyingi hupotelea

Hapa ndipo nilipookoa zaidi kuliko nilivyotegemea, na ndipo watu wasipoangalia.

Kadi ya sauti ya zamani ilikuwa kifaa chenye chipu zake. Chipu ya OPL, iliyokuwa ndani ya AdLib na Sound Blaster, ilitengeneza muziki yenyewe bila kuisumbua prosesa. Ndani ya emuleta hakuna chipu. Kila wimbi la kila noti linapigiwa hesabu na prosesa yako, mara 44,100 kwa sekunde. Ukishusha kiwango kwenda 22050, hesabu hizo zinapungua kwa nusu. Gemu nyingi za DOS zilikuwa na athari za sauti zilizorekodiwa kwa kiwango cha chini, Doom kwa 11,025 kwa sehemu kubwa, kwa hiyo milipuko na mingurumo haipotezi kitu. Muziki unapoteza ung'avu kidogo kwenye matoazi.

Shusha sehemu mbili kwa pamoja, la sivyo emuleta inapata kazi ya ziada ya kubadilisha kiwango kimoja kuwa kingine: `rate=22050` katika sehemu ya mixer, na `oplrate=22050` katika sehemu ya sblaster. Ongeza `oplemu=fast`.

Kisha akiba. `blocksize=2048` na `prebuffer=60` humaanisha sauti inaandaliwa mapema zaidi, kwa hiyo prosesa ikibanwa kwa kitambo kidogo, kadi ya sauti ina cha kupiga. Gharama yake ni kwamba sauti inachelewa kidogo nyuma ya picha. Mpwa wangu hakuigundua mpaka nilipomwambia. Ukiona mlio wa bunduki unakuja baada ya moto kuonekana, rudi 1024.

Kwenye menyu ya SETUP ya gemu, chagua Sound Blaster au AdLib kwa muziki: anwani 220, IRQ 7, DMA 1. Usichague General MIDI kama kwenye kompyuta yako anayeipiga ni programu ya kuigiza ala, FluidSynth au TiMidity, maana hiyo ni programu nyingine nzima inayogombea prosesa ile ile. Uigaji wa Roland MT-32, kifaa cha muziki cha zamani, ndio mzito kabisa. Unapendeza, nami naupenda sana, lakini uache kwa mashine nyingine.

Jambo moja lililonichukua muda kulibaini linahusu gemu za CD. Nilikuwa na gemu ambayo muziki wake ni nyimbo za kawaida za CD, nikaziweka kama faili za ogg ili kuokoa nafasi ya diski, kwa kuwa DOSBox inazikubali kwenye faili la cue (orodha ya nyimbo za CD). Kila wimbo ulipoanza, gemu ilishtuka, na muda wote muziki ulipokuwa ukipiga kikomo changu kilishuka. Kufungua ogg ni kazi ya prosesa. Niliporudisha faili la bin lisilobanwa, mshtuko uliondoka. Diski ina nafasi, prosesa haina.

Ukitaka kujua sauti inakula kiasi gani kwako, washa Doom mara moja kwa `-nosound` na upime tena demo3 kwa saa zote mbili. Tofauti utakayoiona ndiyo unayoweza kuigombania.

Ndani ya gemu yenyewe

Waliotengeneza gemu zile walijua wateja wao wana kompyuta za polepole, na wakaacha vitufe kwa ajili yao. Katika Doom, kitufe cha kutoa hupunguza dirisha la mchezo, na F5 hushusha ukali wa picha kwa kuchora kila safu wima mara mbili. Hatua moja ya kupunguza dirisha inasaidia kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu unaondoa pikseli kwenye pande zote. F5 siipendi, inaifanya picha kuwa ya matofali, lakini ipo. SETUP ya Doom ina idadi ya athari za sauti zinazoweza kulia kwa wakati mmoja. 4 zinatosha kabisa. SETUP ya Duke Nukem 3D inakuruhusu kuchagua idadi ya sauti, kiwango cha kuchanganya, biti 8 au 16, mono au stirio. Mashine dhaifu ipe mono, biti 8, kiwango cha chini. Hizi ni akiba mara mbili, kwa kuwa zinapunguza maagizo ambayo gemu inayataka tangu mwanzo.

Kompyuta iliyo chini ya emuleta

Kwa betri, N270 hushuka hadi megahezi 800 ili kuokoa umeme. Nusu ya mashine imeondoka hapo. Chomeka chaja, na kwenye Linux ilazimishe ibaki juu:

`echo performance | sudo tee /sys/devices/system/cpu/cpu*/cpufreq/scaling_governor`

Kwenye Windows, chagua mpango wa umeme wa utendaji wa juu. Funga kivinjari, hata kama unadhani kimetulia. Zima vivuli na madirisha yanayopitisha mwanga ya mazingira ya kazi. Mimi natumia LXDE bila mapambo. Na kama gemu inaanza vizuri halafu inaharibika baada ya dakika 20, gusa upande wa feni. Prosesa yenye joto hujipunguza mwendo yenyewe, na vumbi likitolewa hali hubadilika.

Vingine havisaidii, na nimechoka kuviona vikipendekezwa. Kuongeza `memsize` kutoka 16 hakuongezi kasi hata chembe. Hiyo ni RAM ambayo gemu inaonyeshwa, na gemu ya 1993 haijui la kufanya na ziada. Kuongeza RAM ya kompyuta yenyewe hakusaidii kama gigabaiti 1 haijajaa. `priority=highest` kwangu haikubadilisha kipimo. Na kuhamia matawi mapya ya DOSBox kwa ajili ya kasi kunaweza kukurudisha nyuma: DOSBox Staging, kwa mfano, huiga chipu ya OPL kwa usahihi mkubwa zaidi, na usahihi huo unalipwa na prosesa.

Gemu zinazokimbia kupita kiasi

Si kila tatizo ni upole. Gemu za miaka ya 80 nyingi hazikuangalia saa. Ziliendeshwa kwa kasi yote ya kompyuta, kwa kuwa kompyuta zote zilifanana. Hizo zinataka mizunguko michache. Kwa makadirio, 300 ni kama kompyuta ya kwanza ya IBM ya mwaka 1981, 6000 ni kama 386 ya megahezi 33, na 25000 ni jirani na 486 ya megahezi 66. Ukijua gemu ilitoka mwaka gani, una pa kuanzia. Mashine dhaifu hapa ni mfalme.

Ukikutana na maneno `Runtime error 200` programu inapoanza, hiyo iliandikwa kwa Turbo Pascal. Inapoanza, hupima kasi ya kompyuta kwa kuhesabu marudio ya kitanzi kimoja cha programu ndani ya pigo moja la saa, kisha inagawanya kwa 55. Kompyuta ikiwa ya kasi mno, jibu halienei kwenye biti 16, na programu inakufa. Shusha cycles mpaka ifunguke, kisha ipandishe ukiwa ndani.

Matokeo kwangu

Baada ya yote haya, kikomo kilipanda kutoka 17000 hadi 24000. Demo3 ilishuka kutoka realtics 3,900 hadi 2,760, yaani kutoka fremu 19 hadi 27 kwa sekunde, na saa ya simu ilisema sekunde 79, sawa na saa ya gemu. Hili ndilo faili langu la Doom:

```
[sdl]
fullscreen=true
fullresolution=1024x600
output=overlay

[render]
frameskip=1
aspect=false
scaler=none

[cpu]
core=dynamic
cycles=fixed 24000

[mixer]
rate=22050
blocksize=2048
prebuffer=60

[sblaster]
sbtype=sbpro2
oplmode=auto
oplemu=fast
oplrate=22050
```

Nimeliita doom.conf na ninalifungua kwa `dosbox -conf doom.conf`. Kila gemu ina lake. Faili moja kwa gemu zote ndilo linalowafanya watu warudie kazi hii kila wiki, kwa kuwa 24000 inayoifaa Doom itaifanya gemu ya 1986 isichezeke. Na kama hutaki namba maalumu, `cycles=max 80%` huiachia sauti nafasi ya kupumua, ingawa mimi huona namba maalumu inatulia zaidi.

Quake

Mpwa wangu aliniuliza kuhusu Quake wiki hiyo hiyo. Nilijaribu. Gemu hii ya 1996 ilijengwa juu ya hesabu za desimali za Pentium, ikiziingiza katikati ya maagizo ya kawaida ili viende sambamba, na emuleta haina namna ya kuiga usambamba huo kwa bei nafuu. Kwa 24000 haikuchezeka, hata kwa dirisha dogo kabisa.

Kwa gemu za namna hii, iache emuleta. Kodi ya Doom ilitolewa hadharani mwaka 1997, ya Quake 1999, ya Duke Nukem 3D 2003, na watu wamezijenga upya ziendeshwe moja kwa moja na prosesa ya leo bila mkalimani katikati. Chocolate Doom inafuata tabia ya ile ya DOS karibu neno kwa neno. EDuke32 ipo kwa ajili ya Duke. Gemu za hadithi za kubofyabofya zina ScummVM, ambayo ni nyepesi mno kwa mashine ndogo. Zote zinataka faili za data za gemu yako halali, kwa hiyo usizitupe diski.

Nilimsakinishia toleo la Quake linalochora kwa prosesa pekee, nikanakili folda ya id1 yenye pak0.pak, nikaliweka kwenye 320 kwa 200. N270 ile ile iliyokuwa inahema ikaikimbiza bila sauti kukatika, na kijana akavuta kiti karibu.